Tupeane uzoefu: mliowahi kuzunguka na dodoso, siku gani hamtaisahau?

Ngosha Mtembezi:
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa stendi ya Msamvu nasubiri gari ya Dodoma, mama mmoja ana kapu la vitunguu akanikazia macho mpaka nikaanza kujishtukia. Akasogea akaniambia "wewe si yule kijana uliyekuja kwetu ukatuuliza tunakula mara ngapi kwa siku?" Nikamkumbuka. 2017 nilikuwa mdadisi kwenye utafiti mmoja wa hali ya maisha ya kaya, kwake nilikaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane, siku saba zilizopita mmekula unga kilo ngapi, mafuta ya taa shilingi ngapi, mmekopa kwa nani. Akaniuliza tena, "sasa majibu yalitoka lini, mbona sisi hatukuambiwa?" Sikuwa na la kumjibu aisee. Gari likaja, nikamwomba namba nikapanda. Tangu juzi sijatulia. Mikoa sita nimezunguka, watu wamenitajia mpaka madeni ya dukani, na sijarudi hata kwa mmoja kumwambia tulipata nini. Nyie wenzangu mmeishije na hili?

Kalamu Nyekundu:
Umenigusa mkuu. Mimi nilikuwa karani wa sensa 2022, angalau ile tulitangaziwa, watu 61,741,120, bibi yangu aliisikia redioni akasema na mimi nimo humo. Hizi nyingine zinaishia makabatini.

Binti Pangani:
Naomba niseme la kwangu maana nimelibeba muda mrefu. Nilikuwa kwenye utafiti wa afya ya uzazi, tunahoji wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Waliofanya wanajua ile sehemu ya historia ya uzazi. Unamwandika kila mtoto, jina, mwezi na mwaka aliozaliwa, yuko hai au amefariki, na kama amefariki alikuwa na umri gani. Chini ya mwezi mmoja unajaza siku, chini ya miaka miwili unajaza miezi. Semina tulifundishwa vizuri tu, tukafanya mazoezi sisi kwa sisi, tunacheka.

Sasa nikafika kwa dada mmoja umri wangu kabisa, tumezaliwa mwaka mmoja. Anakoboa mahindi kwenye kinu, akaniambia kaa hapo, nakusikiliza huku natwanga. Watoto watano. Wa kwanza yupo. Wa pili amefariki. Wa tatu amefariki. Alipofika wa tatu akaacha kutwanga lakini mchi hakuuweka chini, aliushika tu. Nikamuuliza alikuwa na umri gani. Akasema alikuwa ameanza kukaa. Kishikwambi hakipokei "ameanza kukaa", kinataka namba na hakisongi mbele mpaka ujaze. Ikabidi nimuulize ilikuwa kabla ya mvua au baada, ulikuwa umeshavuna au bado, tukahesabu pamoja kwa misimu mpaka tukaipata miezi saba. Aliponitajia akasema "leo ndio nimejua, nilikuwa sijawahi kuhesabu". Nikaandika 7. Nikamshukuru, nikaenda kaya ya pili kama ratiba inavyosema, maana kwa siku unatakiwa kaya nne.

Najua umuhimu wake, vile viwango vya vifo vya watoto tunavyovisikia vinatokana na majibu kama ya yule dada. Lakini hakuna aliyenifundisha nifanye nini baada ya kuandika ile 7.

mama Sulea:
Daah. Pole mdogo wangu.

Mzee wa GPS:
Binti Pangani pole sana. Mimi ya kwangu ni ya kukimbizwa. Ilikuwa kusini huko, kijiji sikitaji, watu wake sina ugomvi nao. Utafiti wetu ulikuwa wa elimu na lishe ila ndani yake kulikuwa na kupima wingi wa damu, unamtoboa mtoto kidole tone moja tu unaweka kwenye kipimo, dakika mbili una jibu unampa mama hapohapo. Siku ya kwanza tulienda na mwenyekiti wa kitongoji mambo yakawa safi kabisa. Siku ya pili mwenyekiti kapata msiba kijiji cha jirani, supavaiza akasema twendeni tu tutachelewa. Hapo ndipo tulipokosea.

Saa tano hivi nasikia filimbi. Halafu sufuria zinagongwa. Mara watoto wote wameitwa ndani, milango inafungwa mmoja mmoja, kijiji kimekuwa kimya kama usiku. Mwenzangu akaniuliza kuna nini, kabla sijajibu tukawaona, wanaume kama arobaini na fimbo na mapanga, wa mbele anapiga kelele MUMIANI, WANYONYA DAMU HAO. Kisanduku cha vipimo ninacho mkononi, kina alama nyekundu juu. Nikitupe wataona naficha, nikikishika ndio ushahidi. Nikakiweka chini taratibu nikakaa kwenye mchanga, sijui kwa nini nilikaa, miguu ilikataa tu. Mmoja alishanishika kola.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja niliyemhoji jana yake. Alitoka na kanga kiunoni, hata viatu hana, akasimama katikati akasema "huyu kijana jana kanichambulia mchele wangu wote huku ananiuliza maswali, mnyonya damu gani anachambua mchele?" Akawataja kwa majina, wewe fulani nilikuzalisha mimi, wewe mama yako nilimzika mimi. Wakapoa. Wakatupeleka kwa mtendaji, tukakaa pale mpaka polisi wamekuja saa kumi na moja.

Kalamu Nyekundu:
Mungu mkubwa mkuu. Sio wote walipata bibi. Oktoba 2016 pale Iringa Mvumi, Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti wa udongo na dereva wao waliuawa kwa uvumi huohuo, watu watatu, wamekwenda kuchukua udongo tu. Nakumbuka siku ile mama yangu alinipigia nikiwa fildi akaniambia rudi nyumbani leo leo.

Dogo Takwimu:
Mzee wa GPS hilo bibi lingeandikiwa barua ya shukrani na mkuu wa wilaya

mama Sulea:
"Huyo bibi", sio "hilo bibi". Mtu kaokoa roho za watu.

Dogo Takwimu:
Samahani mama, nilimaanisha kwa sifa.

Mchambuzi Huru:
Mimi nawalaumu nyie watafiti. Unaingia kijiji cha watu na sindano bila mwenyekiti, bila mkutano wa kijiji, unategemea nini? Hizi habari za mumiani zipo pwani yote hii tangu wakoloni, babu zetu walishazisema sana, mtu anayesomea jamii alitakiwa azijue kabla hajapanda gari.

Mzee wa GPS:
Nakubali mkuu, kosa letu nimeshalisema hapo juu. Ila mdadisi wa posho ya siku hana sauti ya kumwambia supavaiza "leo hatuendi".

Fundi Sampuli:
Ushauri kwa vijana, barua ya mkoa, barua ya wilaya, barua ya kata, kila moja kopi kumi, na kitambulisho shingoni muda wote.

Ngosha Mtembezi:
Fundi, kitambulisho shingoni kuna sehemu wanadhani ni afisa mikopo, wanatoka mlango wa nyuma.

Fundi Sampuli:
Basi weka mfukoni lakini uwe nacho. Na nenda na balozi wa nyumba kumi.

Binti Pangani:
Balozi asikae kwenye mahojiano jamani. Mke hawezi kusema anapigwa wakati balozi ni shemeji yake. Akufikishe mlangoni, aondoke.

Dogo Takwimu:
Na beba maji na biskuti, na usikatae ugali wa mtu. Ukikataa ugali, majibu yote yanakuwa "sijui".

Asali Mbichi:
Mimi naongea kama mtu niliyekaa na hao wenzenu gesti. Kuna watu wanajaza madodoso chini ya mwembe, kaya nane nusu saa, wanabuni mpaka majina ya watoto. Mbona hamlisemi hilo? Data zimepikwa, halafu sera inatungwa juu yake.

Kalamu Nyekundu:
Posho ikicheleweshwa miezi miwili na nauli unajilipia unategemea nini.

Binti Pangani:
Hapana, hapo nakataa kabisa. Yule dada alisimama na mchi mkononi akahesabu misimu ya mvua ili anipe namba ya kweli. Wewe ukibuni yako chini ya mwembe, yake imekuwa sawa na yako. Ukiona hulipwi, acha kazi uondoke.

Kalamu Nyekundu:
Sijasema ni sawa dada, nimesema sababu yake.

Asali Mbichi:
Asante Binti. Ndicho nilichotaka kusikia.

Wafula wa Busia:
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo, mimi niko upande ule mwingine, mimi ndiye niliyefanyiwa utafiti. Shule yetu ilikuwa kati ya zile 75 za Busia zilizopewa dawa za minyoo kuanzia 1998. Hawakupeana zote pamoja, 25 zilianza 1998, 25 zikafuata 1999, na 25 za mwisho zikangoja hadi 2001, ili waweze kulinganisha. Mimi nilikuwa kundi la pili, darasa la tano. Nakumbuka ile tembe nyeupe, na mwalimu akisimama hadi umeze. Waliona watoto wanahudhuria shule zaidi, hata wasiomeza dawa walifaidika kwa sababu minyoo ilipungua kwa majirani. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo, Michael Kremer, alipata Nobel ya uchumi 2019. Nilisoma hiyo kwa simu nikiwa kwa matatu, nikamwonyesha jirani yangu nikamwambia hii ni sisi. Hakuniamini.

Mchambuzi Huru:
Na wale waliosubiri mpaka 2001 walijua kwamba wanasubirishwa ili walinganishwe? Miaka mitatu mtoto ana minyoo.

Wafula wa Busia:
Ndugu, pesa za kuwapa wote mara moja hazikuwepo, hivyo mtu angengoja tu. Lakini swali lako ni la haki. Binamu yangu alikuwa kundi la mwisho. Yeye hadi leo hapendi nikiitaja hiyo Nobel mbele yake.

Mchambuzi Huru:
Mwambie binamu yako yupo mtu Morogoro anamuelewa.

Omukaikuru:
Sisi Kagera tulihojiwa mpaka tukawazoea. Watafiti walianza 1991, kipindi UKIMWI umetumaliza, kaya zaidi ya 900, wakarudi tena na tena mpaka 1994. 2004 wakarudi, na 2010. Tena waliwafuata waliohama, kaka yangu walimkuta Mwanza akashangaa wamejuaje. Walichokipata ni kwamba waliotoka nje ya mkoa maisha yao yalipanda kuliko sisi ndugu zao tuliobaki. Nilipokuja kuambiwa nilikaa kimya. Mimi ndiye niliyebaki kuangalia kibanja, shamba letu la migomba, na kaburi la baba. Sio jibu tamu ila ni langu, nashukuru nimelijua. Kwa hiyo Ngosha, mtafute huyo mama.

mama Sulea:
Ngosha namba si unayo? Unasubiri nini?

Ngosha Mtembezi:
Nimewasoma wote. Jana usiku nimeitafuta ripoti nikaipata, kurasa nyingi. Wilaya yake haimo peke yake, sampuli, yaani zile kaya tulizochaguliwa kuhoji, ilitosha kusema habari za mkoa tu, wadadisi wenzangu mnaelewa. Ila jedwali la chakula la mkoa wake lipo.

Leo asubuhi nimempigia. Nikajitambulisha, akasema "wa stendi?" Nikamwambia majibu ninayo, nimtumie kwa simu? Akasema simu yake ni ya tochi, nimsomee. Nikaanza kumsomea akanikatisha, ngoja kwanza, akamwita mumewe na jirani yake ambaye naye tulimhoji mwaka ule, nasikia kiti kinavutwa. Nimesoma dakika ishirini mpaka salio likaisha. Swali lao moja limenishinda, wanataka kujua kwa nini deni la duka tuliwauliza na kwenye ripoti sijaliona. Nimewaambia nalitafuta, nitapiga Jumapili wakitoka kanisani.

Fundi Sampuli, wewe ulikuwa unasahihisha madodoso ya mwaka ule. Sehemu ya mikopo iliingia jedwali gani?