Naomba ushauri: kumbeba mtoto kwa baiskeli hapa Utrecht
Habari zenu ndugu. Nina miezi minne Utrecht, Uholanzi, na bado kila asubuhi nasimama dirishani kuwatazama akina mama wakipita na bakfiets, ile baiskeli yenye sanduku mbele, watoto wawili ndani, mvua inanyesha, wala hawana wasiwasi. Chini ya stesheni kuu kuna maegesho ya baiskeli 12,500! Nami nimenunua baiskeli ya kawaida ya mtumba. Breki yake unakanyaga pedali kinyumenyume, nimeshaizoea. Shida ni mwanangu wa miaka mitatu. Nimfungie kiti cha nyuma, au nijikaze nitafute bakfiets iliyotumika? Upepo wa huku unasukuma kweli, nikivuka daraja la mfereji wa Oudegracht mikono inatetemeka. Mliolea watoto huku, mlianzaje?