Wakuu naombeni ushauri: uhakiki wangu wa nyimbo za ajabu za Krismasi hauchekeshi kabisa

Mwandishi Mbioni:
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya kuandikia jarida uhakiki wa kuchekesha wa nyimbo tano za Krismasi zisizo za kawaida, maneno 120 kila wimbo, na natakiwa kukabidhi Ijumaa. Kuna msichana anayetaka kiboko, mbwa wanaobweka Jingle Bells, wale kindi wa sauti nyembamba, punda wa Italia, na mmoja wa mbuzi. Nimeandika na kufuta mpaka nimechoka. Bora nilichonacho ni hiki: "Wimbo huu wa kiboko ni kichekesho cha ajabu kupindukia, utakuvunja mbavu." Nikiusoma sitabasamu hata mimi. Nakosea wapi?

Kalamu Kavu:
Kichekesho, ajabu, kuvunja mbavu: maneno yote hayo, na kiboko bado hajaonekana. Futa yote. Lichukue ombi la mtoto kama lilivyo, halafu upige hesabu. Kwenye wimbo ule wa 1953, Gayla Peevey, akiwa na miaka 10, anasema mnyama atakaa kwenye banda la magari mawili. Basi andika: "Kiboko mzima hula kama kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Kufikia Krismasi ijayo familia itakuwa imesomba tani 14 na nusu, na magari yote mawili bado yanalala nje." Neno "chekesha" halimo. Sentensi ya mwisho iishie pale pale penye kicheko. Ukiongeza ufafanuzi baada ya "nje", umeua.

Utepe wa Zamani:
Mimi naenda kwa kindi moja kwa moja, maana ndipo watu wengi hukosea. Usije ukaandika "kwaya ya watoto". Ni Ross Bagdasarian, mtu mzima, mwaka 1958. Aliimba polepole huku utepe wa kurekodia ukienda nusu mwendo, kisha ukachezwa kwa mwendo kamili: sauti ikapanda oktavu nzima, na maneno yakarudi kwenye kasi ya kawaida. Wanaoiga huimba kwa kasi ya kawaida halafu wakaongeza mwendo, ndiyo maana maneno yao hayashikiki. Kila irabu lazima ivutwe mara mbili ya urefu wake. Wimbo ule ulizoa Grammy tatu kwenye tuzo za kwanza kabisa, 1959, na mojawapo ilikuwa ya ufundi wa kurekodi. Hapo una uhakiki mzima: kindi wametuzwa kwa ubora wa sauti.

Mama Soprano:
Mwanangu, ucheke wimbo, usimcheke mtoto. Peevey anaimba kwa moyo wote, na wimbo umedumu kwa sababu hiyo. Hata huyo punda wa Lou Monte wa 1960, mcheke kwa kazi aliyopewa: kulungu wa Santa wameshindwa milima ya Italia, kwa hiyo ameitwa yeye kubeba mzigo. Lafudhi ya Kiitaliano iache. Kuchekea lafudhi ya mtu ni uvivu.

Utepe wa Zamani:
Na mbwa, 1955, hawakufunzwa na mtu. Carl Weismann, raia wa Denmark, alikuwa akirekodi ndege wakiimba, mbwa wakawa wanamharibia. Akakata vipande vya mibweko, akavipanga kwa sauti ya juu na ya chini, akaviunga noti kwa noti. Tega sikio: mbweko wa noti ile ile hurudi vile vile kila mara, maana ni kipande kile kile cha utepe.

Kalamu Kavu:
Mleta uzi, mbuzi umempita haraka. Jina la wimbo? Mwaka? Nani kaimba?

Mwandishi Mbioni:
Ni wa zamani tu mkuu, haujulikani sana. Uko kwenye santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ya inchi 10, dakika 6 upande mmoja. Mbuzi analia spika ya kushoto, kwaya inaitikia kulia. Tuendelee na vichekesho, muda unanibana.

Shimo la Katikati:
Hapo hapo simama. Upande mmoja wa inchi 10 kwa mizunguko 78 unabeba kama dakika 3. Hata ya inchi 12 inaishia dakika 4 au 5. Halafu kushoto na kulia? Santuri za stirio ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati 78 zinaaga. Mbuzi huyu hayupo. Hii ni chai.

Jirani wa Ngoma:
Chai ya maziwa ya mbuzi.

Mama Soprano:
Na mimi nimeanza kujiuliza kama hata jarida lipo.

Mwandishi Mbioni:
Jarida lipo. Wimbo wa mbuzi ni wangu, nimeutengeneza kwenye kompyuta, na mhariri hajui. Lakini jamani, si ni vichekesho? Nani ataumia? Isitoshe uhakiki wake ndio mzuri kuliko yote, na nimeshautuma.

Kalamu Kavu:
Kumbe hili ndilo lililokuwa linakunyima usingizi. Ndugu yangu, msomaji anacheka zile kilo 40 kwa sababu anaziamini. Akigundua mbuzi ni wa kubuni, atadhani na mbwa wa Weismann umewabuni, nao ni wa kweli. Mwandikie mhariri leo hii, mistari miwili inatosha. Ama mbuzi atoke kwa jina lako, ama umtoe kabisa uweke ule wa mtoto anayetaka meno mawili ya mbele. Donald Gardner, mwalimu, aliutunga 1944 baada ya kuona wanafunzi wake wadogo karibu wote wana mapengo, na Spike Jones, mwenye bendi ya vichekesho, akaurekodi 1947. Uhakiki wake uandike kwa kuhesabu herufi "s" tu, maana kila moja inatoka na mluzi.

Mwandishi Mbioni:
Meno mawili kila mtu anaujua. Je, nikibadilisha 78 iwe 33?

Shimo la Katikati:
Hiyo itakutatulia dakika na stirio. Mbuzi bado ni wako.

Utepe wa Zamani:
Tuwekee basi tumsikie. Analia noti gani, na ulimpandisha kwa mwendo au kwa programu?