Ushauri: Jumamosi nampeleka mama mkwe kwenye mgahawa wa chakula cha Louisiana hapa Houston, nimwagizie nini?

BintiPangani
Habari zenu wapendwa. Mama mkwe kafika juzi kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Marekani. Mume wangu anataka tumpeleke kwenye mgahawa wa Louisiana karibu na kwetu, wa kawaida tu, meza zinatandikwa karatasi na watu wanakula kwa mikono. Mama ni mtu wa swala tano: nguruwe hagusi, na nyama isiyochinjwa kisheria hali. Samaki na kamba ndiyo roho yake. Sitaki akae anatuangalia sisi tukila, wala sitaki nimlishe haramu kwa kutojua. Mnaovijua vyakula hivi, naombeni msaada.

JikoLaMtaani
Dada, nimefanya kazi ya jikoni New Orleans, huko huko Louisiana, miaka sita. Cha kuogopa ni vyakula vya chungu kimoja. Gumbo (mchuzi mzito), jambalaya (wali unaopikwa pamoja na nyama), maharage mekundu kwa wali, vyote hivyo mara nyingi hutiwa andouille, soseji ya nguruwe ya moshi. Hata gumbo ya kamba na kaa inaweza kuwa nayo. Ukiitoa soseji kwenye bakuli, mafuta yake yameshaingia kwenye mchuzi. Boudin msiisogelee kabisa, ile ni nguruwe, maini na wali ndani ya utumbo.

Inauma, kwa sababu gumbo angeipenda. Unga wa ngano unakaangwa kwenye mafuta, unakoroga bila kuinua mkono mpaka uwe rangi ya kahawa, halafu unamimina kitunguu, hoho na selari kwa mpigo, jiko zima linanukia. Wengi huweka bamia, na jina lenyewe linahusishwa na ki ngombo, bamia kwa lugha za Kibantu za huko Angola, lililofika na watu waliouzwa utumwani. Siku moja mpikie nyumbani kwa kamba na kaa watupu.

Hapo mgahawani usiulize tu "kuna nguruwe?" Wapo wahudumu wanaofikiria nyama inayoonekana tu. Uliza supu imechemshwa na nini, na mafuta ya kukaangia samaki yanakaangia nini kingine. Akibabaika, mwombe akamuulize mpishi.

Mvuvi_Naivasha
Mamangu, muagizie crawfish, wale kamba wadogo wekundu wa maji baridi. Sisi kwetu tunawajua, waliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 na mpaka leo wamo. Sasa hivi ni Aprili, msimu wao umekolea. Wanauzwa kwa pauni, na usiogope kuagiza pauni tatu za mtu mmoja, sehemu kubwa ni kichwa na gamba. Unazungusha mkia, unauchomoa, unabana kwa chini nyama inatoka. Ila uliza kama sufuria ya kuchemshia inatiwa soseji pamoja na mahindi na viazi, wengine hutia. Na mwambie apunguze pilipili.

UmmuSalha
Mimi nisingempeleka bila kupiga simu kwanza. Mwaka jana, mgahawa siutaji, tuliambiwa maharage hayana nyama. Mwanangu wa miaka saba akachota kijiko, kikatoka na kipande cha ngozi ya nguruwe. Alilia, na mimi nililia. Piga kama saa tisa alasiri, jiko likiwa limetulia, uongee na mpishi mwenyewe.

BintiPangani
Allah awalipe nyote. Nilipiga Ijumaa saa tisa. Mpishi kaniambia wazi gumbo yao ina soseji, na crawfish wanachemshwa nayo sufuria moja. Lakini samaki wana kikaangio chao peke yao, mafuta ya mboga, hata kuku haingii. Basi mama akala kambare wa unga wa mahindi, na kamba kwenye mkate mrefu. Mwishoni tukaletewa beignet za moto zimefunikwa sukari ya unga. Akaikata moja katikati, akainusa, akasema, "Mwanangu, haya ni mahamri, wamesahau iliki." Kala matatu, mengine kamfungia mjukuu kwenye leso.

@JikoLaMtaani, ule unga wa gumbo unaukaanga moto mkali au mdogo? Mama anataka tuupike kesho.

JikoLaMtaani
Mdogo, dada. Kama dakika arobaini, na usiuache hata kupokea simu. Ukiona vitone vyeusi umeungua, mwaga uanze upya.