Kiti kiko wazi kwenye bodi ya koleji ya jamii hapa California, mtu anateuliwaje?

Wadau habari zenu. Juzi asubuhi nimempeleka mama mkwe darasani nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, mjumbe mmoja wa bodi ya koleji amejiuzulu na wanatafuta wa kujaza nafasi. Nina hamu kweli, maana mwaka jana darasa la Kiingereza la jioni walilihamishia asubuhi, na mama zetu wengi saa hizo wako kiwandani wanapaki mboga, ndo wakaacha kusoma hivyohivyo. Sasa hiki kiti si cha kura jamani? Na mtu kama mimi naweza kuomba au ni kujuana tu?

Jibu 1
Kaka omba! Kawaida ni cha kura, miaka 4, ila mtu akitoka katikati sheria inawapa bodi siku 60, ama waitishe uchaguzi ama wateue wenyewe, na uchaguzi ni gharama kwa hiyo mara nyingi wanateua. Uwe umefika miaka 18, unaishi ndani ya wilaya ya koleji, yaani eneo lote ambalo koleji inalihudumia (angalia kama kiti ni cha sehemu fulani tu) na umejiandikisha kupiga kura, yaani uraia uwe umeshapata, grinikadi haitoshi. Na kama umeajiriwa na wilaya hiyohiyo ya koleji, huapishwi mpaka uache kazi.

Jibu 2
Kujuana kupo kila mahali lakini hapa kura ya kuteua inapigwa mbele za watu, hakuna kura ya siri, na ajenda lazima ibandikwe saa 72 kabla ya mkutano wa kawaida. Njoo na hao mama! Mimi nilimpeleka shangazi yangu kwenye mkutano kama huo, karatasi inamtetemeka mkononi, akasema kwa Kiswahili binti yake akatafsiri. Anayesema kupitia mkalimani anapewa muda mara mbili, ni sheria, mwenyekiti akisahau mkumbushe kwa heshima.

Jibu 3
Kwenye barua usiahidi kushusha ada, ile dola 46 kwa uniti (kipimo cha uzito wa somo) inapangwa na jimbo. Ongelea hilo darasa. Ratiba wanapanga wakuu wa koleji, sawa, lakini bodi ndo inamwajiri mkuu na kupitisha bajeti. Ukiteuliwa jua pia wapiga kura wana siku 30 za kupinga, wakifikisha saini za asilimia 1.5 ya walioandikishwa uteuzi unafutwa na uchaguzi unaitishwa, kwa hiyo anza kujitambulisha kwa majirani mapema.

Muulizaji
Asanteni sana ndugu zangu. Uraia niliapa mwaka juzi na kura nimejiandikisha. Mama mkwe kakubali kusema, mke wangu atatafsiri. Mwisho wa fomu ni Ijumaa, barua naandika leo usiku nikitoka zamu, nani atanisomea kesho kabla sijaituma?

Jibu 2
Nitumie mimi, nipo off kesho.