Uzio wa maua Kisumu: bogenvilia, haibiskasi, au haidrenja za mama kutoka Kericho?

MtotoWaKericho
Hamjambo wanabustani. Nimejenga Kisumu, upande wa Mamboleo. Uzio ni waya tu, mita 30 kando ya barabara, na kila apitaye anajua tumepika nini. Nimebaki na matatu kichwani: bogenvilia, haibiskasi, na haidrenja za buluu kama za mama kule Kericho. Zake zimejaa ukingoni mwa shamba la chai na hakuna anayezitunza. Ameshanikatia vipande kumi na tano, vimo kwenye pakiti za maziwa hapa verandani. Kaongeza miche sita ya chai, "usije ukasahau kwenu". Nipande nini?

BibiWaMilimani
Bogenvilia, mwanangu. Langu lina miaka kumi na miwili hapa hapa Kisumu. Likishashika, jua la Januari halilitishi. Usilimwagilie kila siku. Ukilidekeza linatoa majani matupu. Na hayo tunayoita maua ni majani yenye rangi, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Ubaya wake ni miiba. Mwaka huu limetoboa mipira mitatu ya wajukuu, na anayelikata anadai nyongeza ya malipo. Namlipa.

Nakuru_Shambani
Kuhusu haidrenja nakuonya. Nilileta za buluu kutoka Limuru, msimu wa pili zikachanua waridi. Nikadhani nimeuziwa uongo. Kumbe rangi inafuata udongo: kwenye asidi mmea hufyonza alumini na ua huwa buluu, asidi ikipungua, alumini haifikii mizizi. Mimi nilikuwa namwagilia maji ya kisima yenye magadi. Mama yako hana ujuzi wowote wa siri (asinisikie), ana udongo wa chai tu.

MchumaChai_Nandi
Nakuru kasema kweli. Chai inataka pH (kipimo cha asidi ya udongo) ya kama 4.5 hadi 5.6, na hapo ndipo haidrenja huwa buluu bila kuombwa. Lakini kaka, au dada, tatizo lako kubwa ni joto. Kisumu iko mita 1,131 tu juu ya bahari, ilhali chai yetu inalimwa kuanzia kama mita 1,500 hadi 2,700, na inataka mvua karibu mwaka mzima. Miche hiyo itakauka kuanzia ncha za majani ukiitazama.

Na hata ikipona, chai si ua la uzio. Ile meza ya kijani unayoiona Kericho inatokana na mikono: tunapita kila siku saba hadi kumi na nne, majani mawili na chipukizi, halafu kupogoa kila baada ya miaka michache. Ukiiacha inakuwa mti, inatoa viua vyeupe vyenye kiini cha manjano. Vizuri, ila vinajificha chini ya majani. Ukitaka chai ya kupamba, tafuta ile ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa Kericho mwaka 2011. Lakini ipande kwa mama, si Mamboleo.

Kakamega_Kwetu
Mbona hakuna aliyetaja maua machungu, yale ya manjano kama alizeti (tithonia)? Bure, yanaota hata kwenye mawe, na majani yake ukiyakata ukafukia shambani ni mbolea. Mahindi yangu yanajua.

BibiWaMilimani
Yanaota mno. Utayang'oa hadi uzeeni.

MtotoWaKericho
Na haibiskasi? Si ndiyo ile ya chai nyekundu?

Nakuru_Shambani
Hapana, ile ni rosela, ndugu yake. Wanakausha vikombe vya ua. Haibiskasi ya uzio huchanua, ua likaanguka kesho yake, jingine likaja. Haina miiba, inakatika vizuri kwa makasi. Chunguza tu chini ya majani: ukiona vidoa vyeupe kama pamba na sisimizi wanapanda na kushuka, osha kwa maji ya sabuni siku hiyo hiyo.

MtotoWaKericho
Basi bogenvilia barabarani, haibiskasi mlangoni watoto wanapocheza. Haidrenja moja kwenye chungu chenye udongo wa nyumbani, kivulini, nimwagilie maji ya mvua. Iliyobaki ni kumweleza mama kuhusu chai. Anapiga simu kila jioni kuuliza kama imeshika.

MchumaChai_Nandi
Irudishe naye akija Krismasi. Mwambie imekosa majirani.