Mrejesho: Treni za Mumbai, Andheri hadi Churchgate

Wakuu, niliuliza namna ya kutoka Andheri, kitongoji cha Mumbai, India, hadi Churchgate, stesheni ya mwisho kusini mwa jiji, bila kuozea kwenye foleni. Mlisema treni, na ndiyo jibu.

Soma ubao wa stesheni kwanza: F ni treni inayoruka vituo, S inasimama kila kituo. Kwenda, zote zinakufikisha. Mtego uko kwenye kurudi. Jioni, treni ya F ya Virar, mji ulio mbali kupita Andheri, hujaa watu wa mbali. Hata ukiingia, Andheri utashindwa kuufikia mlango. Panda inayoishia Andheri au Borivali, iliyo mbele ya Andheri.

Treni husimama sekunde chache tu. Kwa hiyo sogea mlangoni kituo kimoja kabla, uliza jukwaa liko upande gani, begi uvalie kifuani. Sanduku kubwa asubuhi saa 2 hadi saa 5? Usithubutu. Daraja la kwanza nalo hujaa saa hizo, na nauli ni mara kadhaa ya daraja la kawaida. Mabehewa ya wanawake yana alama. Wanaume, mkipanda humo mtapigwa faini.

Bajaji, pamoja na kuwa India ndiko kwao, haziruhusiwi Mumbai ya kusini. Ukishuka Churchgate ni teksi, basi au miguu.