Bastola ya 9mm na nyati wa mferejini: nitumie risasi gani?

MkulimaWaNyanya (Ngarenanyuki)

Wakuu, habari za jioni. Nalima nyanya ekari mbili na nusu huku Ngarenanyuki, si mbali na mpaka wa Hifadhi ya Taifa Arusha. Maji yetu ni ya mfereji, tunagawana kwa zamu, na zamu yangu imeangukia saa nane usiku. Ukiikosa unasubiri wiki nzima, na kwa jua hili maua yote yanapukutika.

Jumanne nilikuwa nafungua maji, jembe mkononi, tochi nimeibana kwapani. Nikasikia pumzi nzito nyuma ya migomba. Nikamuita jirani yangu kwa jina, kimya. Kumulika, ni nyati dume, yuko peke yake, tope limemkaukia mgongoni hadi limepasukapasuka. Kati yetu hazikufika hatua kumi na tano. Hakukimbia. Aliinua pua tu, akanitazama. Nilirudi kinyumenyume taratibu mpaka nikafika kwenye mparachichi, na nikakaa nyuma yake hadi adhana ya alfajiri.

Bastola ninayo, 9mm, naimiliki kihalali tangu nilipokuwa na duka la pembejeo Usa River. Risasi zangu ni zile za kawaida, kichwa cha mviringo kilichovikwa shaba, uzito wa kichwa greini 115. Rafiki yangu anasema nitafute zenye tundu nchani. Kwenye video za Wamarekani wanasifia za kichwa kigumu kisichovikwa kitu. Naombeni ushauri wa mtu anayejua. Zamu yangu inarudi Jumanne na nina watoto watatu.

Kijana_wa_Njiro

Mkuu, chukua zenye tundu nchani. Zikiingia zinachanua, zinabomoa kila kitu. Mnyama hafiki mbali.

MzeeWaPorini (mstaafu, Usa River)

Mwanangu mkulima, pole sana, na ulifanya vyema kurudi kinyumenyume. Nimebeba bunduki porini miaka ishirini na sita, mingi kati ya hiyo nikisindikiza wageni kwa miguu kutoka lango la Momella kupanda Mlima Meru. Nyati ndiye aliyetufanya tubebe bunduki kwenye njia ile.

Kijana wa Njiro, ushauri wako utamuua mwenzio. Risasi yenye tundu imetengenezwa ichanue mapema ndani ya mwili laini, mwili wa binadamu. Ikichanua inapunguza mwendo na kusimama. Sasa mtazame nyati dume: kilo 700, wakati mwingine zaidi. Ngozi ya shingoni ni nene, chini yake kuna msuli, kisha mfupa wa bega, na moyo umekaa chini kabisa katikati ya miguu ya mbele. Akikujia uso kwa uso, paji lake limefunikwa na kitako cha pembe mbili zilizoungana. Risasi yako ya tundu itachanukia kwenye nyama ya juu, na yeye atakuwa ameshakufikia.

Hiyo ya kichwa cha mviringo uliyo nayo inapenya zaidi kuliko ya tundu. Kati ya hizo mbili, baki nayo. Lakini usiende mferejini ukiamini imekutosha. Greini 115 ni kama gramu saba na nusu, na nguvu yake ikitoka kwenye mtutu ni kama jouli 500. Mimi nilibeba bunduki kubwa ya .375, kichwa cha greini 300, zaidi ya jouli 5,500. Ukiziweka zote mbili kiganjani, hii yako inalala kwenye kidole kimoja na ile inavuka kiganja. Pamoja na ukubwa huo, niliwahi kuona nyati aliyepigwa vizuri kifuani akikimbia hatua sitini kabla ya kuanguka. Hatua sitini, mwanangu, na wewe ulikuwa kwenye kumi na tano.

Hao Wamarekani wanajikinga na dubu, na wengi wao hubeba bastola zenye nguvu kuliko yako, .44 Magnum au 10mm, ndiyo maana wanatafuta kichwa kigumu kinachopenya. Dubu hana pembe zilizofunika paji. Ukiazima risasi yao ukaitia kwenye 9mm, bado ni 9mm.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi. Usiku ule majirani zako nao wako mferejini. Risasi ya bastola iliyomkosa mnyama inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja. Utampiga nani gizani? Nyati aliyejeruhiwa naye haondoki. Anaingia kichakani anasubiri, na asubuhi atakutana na mwanamke anayekwenda kuchota maji.

MamaLerangwa (Siha)

Shikamoo mzee. Kaka mkulima, pole. Sisi huku Kilimanjaro Magharibi shida yetu ni tembo, lakini usiku ni uleule. Tuliacha kwenda shambani mmoja mmoja. Tunakwenda wanne, tochi kubwa mbili zenye mwanga mkali, na honi ile ya gesi. Kamba tumezungushia shamba, tumezifunga vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili kichaa ya kusaga. Tembo hapendi harufu hiyo kabisa. Kwa nyati siwezi kukuahidi, ila mwanga na kelele za mbali vinamfanya akujue kabla hujamfikia, na hapo ndipo ulipokosea Jumanne: ulimfikia kimya.

Mnyama akila mazao, mwite afisa wanyamapori mapema aje kupima uharibifu. Kuna kifuta jasho, na mtu akiumizwa kuna kifuta machozi. Sisi tulipata kidogo na kwa kuchelewa, lakini bila taarifa hupati hata hicho.

MkulimaWaNyanya

Shikamoo mzee, ahsante sana. Dada, ahsante. Nimeelewa. Swali moja tu: na kama amenijia kweli na sina pa kwenda?

MzeeWaPorini

Marahaba. Mti, mwanangu, hata mwembamba, panda. Kama hakuna mti, jitupe kwenye mfereji ulale kifudifudi, maana pembe zake zimejikunja na zinamsumbua kumchota mtu aliyelala chini kabisa. Hayo tulifundishwa na waliotutangulia, na nimeona mtu mmoja akiinuka mzima. Bastola iwe ya mwisho kabisa, akiwa amekufikia, hakuna mtu nyuma yake. Na akifa, usiguse hata kipande cha nyama. Ni mali ya serikali. Toa taarifa kijijini na kwa maafisa wa wanyamapori siku hiyohiyo.

Halafu niambie: hiyo migomba iko umbali gani na mfereji?

MkulimaWaNyanya

Hatua nne, mzee. Na matete yameshikana nayo, kuna dimbwi la tope linalotokana na maji yanayovuja.

MzeeWaPorini

Basi amekuja kulala kwenye dimbwi lako. Madume wazee waliotoka kundini wanapenda tope kuliko kitu kingine. Ziba hapo panapovuja, fyeka matete yote mchana, ukiwa na wenzio. Mwambie mwenye zamu kabla yako asiondoke mpaka ufike, na wewe usiondoke mpaka anayefuata afike.

MkulimaWaNyanya

Nimeshaongea naye leo jioni, amekubali. Kesho saa nne asubuhi tunafyeka, tuko watu sita.